Bati la Namba Tano

4 Februari, mwaka wa arobaini na saba tangu nipande meli

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo na wale mapacha ambao kwenye picha siwezi kujua nani ni nani. Sisi hatujambo. Mama yako mdogo amefanyiwa upasuaji wa goti la pili na sasa ananipita kwa mwendo, jambo analolitaja kila tukitoka. Mimi nimeacha kupaka rangi mabango tangu macho yalipoanza kuona mistari miwili palipo na mmoja, ila kila Jumatano nawafundisha watu wazima watano kuandika herufi kwa brashi. Mmoja wao ni daktari wa meno. Mkono wake hautetemeki, lakini herufi zake zote zinaegemea kushoto kama zinasikiliza kitu.

Barua yako ya Desemba ilifika juzi. Kwa hiyo ofisi ya bandari imekuweka kwenye chumba cha kumbukumbu, uandike historia ya gati la zamani na maghala yake. Wamemchagua mtu sahihi. Babu yako, baba yako na mimi sote tulikula kwa gati lile.

Kabla ya maghala kulikuwa na gati la mbao tu, na mizigo ililala nje chini ya maturubai. Babu yako alikuwa akisema kwamba mvua ikinyesha, sukari ilirudi baharini yenyewe bila kupakiwa. Kisha wakaja waashi, wakajenga maghala ya matofali kwa mfululizo, migongo kwenye reli, nyuso majini. Milango ilikuwa ya chuma, ya kusukuma, na juu ya paa waliweka madirisha yanayoingiza mwanga bila kuingiza jua. Upande mmoja ulikuwa na mnara wa saa, upande wa pili banda la kamba. Kila ghala lilikuwa na harufu yake. La kwanza kahawa, la pili ngozi, na hapo tulipita mbio. Kisha pamba, kisha saruji, na kule mwisho mbao. Mpima mizani mmoja, ambaye macho yake yaliharibiwa na vumbi la saruji, alitembea gati zima bila fimbo akifuata pua.

Andika na hili, maana halitakuwa kwenye makaratasi. Kwenye ubao wa kupandia meli, anayebeba mzigo ndiye mwenye njia. Anayekuja mikono mitupu anasimama pembeni, hata kama ni mkuu wa bandari. Nilimwona mkuu wa bandari akisimama pembeni, na kofia yake mkononi, akimpisha mtu aliyebeba gunia la vitunguu.

Baadaye yalikuja makontena, na kreni ndefu kule kwenye kina kirefu, na gati letu likawa mahali pa paka. Hayo unayajua kuliko mimi.

Kuhusu swali lako la ghala namba tano, naona karatasi imefika mwisho. Msalimie baba yako.

Baba Mdogo wako

---

17 Machi

Baba Mdogo, shikamoo,

Barua imefika, na nimeisoma kwa sauti mezani. Mapacha wanakusalimia. Mwenye pengo la jino ndiye Kurwa, lakini usilitegemee sana, na Doto lake linatikisika. Mama hajambo. Baba hajambo pia, isipokuwa lile bega. Nilipomwambia umemsalimia, alijibu kama anavyojibu siku zote: "Nimezipata." Miaka yangu yote nimebeba salamu zenu kwenda na kurudi, na sijawahi kuona mmoja wenu akimwandikia mwenzake hata mstari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo ndugu wanavyofanya.

Sasa, Baba Mdogo, kwa heshima zote. Umesema karatasi imefika mwisho, na chini ya jina lako kuna nafasi ya kuandika hotuba. Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii nakueleza kwa nini.

Kuna mkandarasi anayetaka njia ya malori kutoka barabara kuu hadi majini. Anataka kuvunja ghala namba nne na namba sita apate kupita. Kamati ya majengo ya kale inaweza kumzuia, lakini kwa sharti moja: mfululizo wa maghala uwe haujaguswa tangu ujengwe. Na hapo ndipo tumekwama. Ramani ya zamani inaonyesha maghala manane. Milango ina namba moja mpaka nane. Lakini nimeyahesabu kwa miguu yangu mara sita, ni saba. Baada ya nne inakuja sita. Katikati yake kuna uchochoro wa hatua tatu. Mkandarasi anasema namba tano lilikuwepo hapo likabomolewa, jirani zake wakasogezwa na kuzibwa viraka, kwa hiyo hakuna cha kale cha kulindwa. Kamati inakaa tarehe thelathini Juni. Wakimkubalia, wataanza kuvunja siku inayofuata.

Wazee waliobaki gatini nao hawanisaidii. Nikimuuliza mmoja namba tano lilikuwa wapi, anacheka na kuonyesha uchochoro. "Namba tano ndiyo hapo, tulikuwa tunakunywa chai." Nikimuuliza lilibomolewa lini, anacheka zaidi.

Nilimuuliza Baba. Alikuwa ananyoosha suruali, akanyoosha mguu mmoja mara tatu. Halafu akasema, "Muulize mwenye brashi."

Wewe ndiye mwenye brashi. Nakusubiri.

Binti yako

---

29 Aprili, mwaka uleule wa arobaini na saba

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa. Ningeweza kulisingizia goti la mama yako mdogo, lakini amechungulia begani mwangu nikiandika na akaniambia nisithubutu.

Sawa. Hakuna ghala namba tano. Halijawahi kuwepo. Aliyelitengeneza ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na baba yako ishirini na saba. Tulikuwa wote karakana ya rangi. Yeye walimwita Rula, kwa kuwa mistari yake ilinyooka, na mimi waliniita Brashi, kwa kuwa hawakupata sifa nyingine. Siku hiyo tulipewa kazi ya kuandika namba milangoni. Karakana ilikuwa imekata seti ya mabati manane, kila moja na tundu la tarakimu yake. Unaliegemeza bati mlangoni, unapaka rangi nyeupe juu yake, unaliondoa, namba inabaki. Tulikubaliana kugawana. Kaka achukue moja mpaka nne, aanzie mnara wa saa. Mimi nichukue tano mpaka nane, nianzie mwisho wa pili, tukutane katikati. Atakayefika wa kwanza ananunuliwa chai.

Msimamizi aliniuliza, "Umehesabu majengo?" Nikasema nimehesabu, ni manane. Nilikuwa nimehesabu kutoka kwenye boti asubuhi ile, mbali, huku nikila mkate. Nilihesabu na banda la kamba.

Nikaweka nane kwenye ghala la mwisho. Nikaweka saba. Nikaweka sita, nikakimbiza ngazi kwenda mlango unaofuata, nikiwa na uhakika kwamba chai ni yangu. Kaka alikuwa juu ya ngazi yake pale, anamalizia nne.

Tulitazamana. Rangi ile ilikuwa ya kupaka meli, haitoki kwa tapentaini wala kwa maombi. Na mkuu wa bandari alikuwa anakuja kukagua saa tisa. Akaja, akatembea kutoka moja mpaka nane, mikono nyuma, akasema, "Safi sana." Wiki iliyofuata akaja mchoraji ramani. Hakushuka hata kwenye boti. Alisoma namba ya mwisho kwa darubini, akachora mistatili minane yenye upana sawa, na tangu hapo dunia nzima ikaamini kuna manane.

Makarani wa ofisini waliendelea kuandika "peleka namba tano." Wabeba mizigo walichukua mzigo, wakauweka palipo na nafasi, na wenyewe wakaenda uchochoroni kunywa chai. Mtu akiulizwa yuko wapi, jibu lilikuwa, "Yuko namba tano." Hakuna msimamizi aliyewahi kubisha.

Onyesha kamati barua hii. Nimeweka saini na nimeweka tarehe. Msalimie baba yako.

Baba Mdogo

---

20 Mei

Baba Mdogo, shikamoo,

Hatujambo sote. Jino la Doto limetoka, kwa hiyo sasa uko palepale ulipoanza.

Barua yako nilimsomea Baba, Mama akisikiliza jikoni. Nilipofika kwenye banda la kamba Baba alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Nikaendelea mpaka nikamaliza. Akauliza, "Ndiyo mwisho?" Nikasema ndiyo. Akageuza ukurasa nyuma mwenyewe, kuhakikisha. Akasema, "Muulize bati liko wapi." Akatoka kumwagilia maua yaliyokuwa yamekwisha kumwagiliwa.

Sikuelewa, ila nakufikishia kama nilivyoambiwa.

Kamati nimeipelekea barua. Katibu wao ni mama mmoja mpole, amenipenda, lakini amesema wazi kwamba barua ya mzee mmoja aliye mbali haitoshi dhidi ya ramani yenye muhuri. Anataka kitu cha kushika, au anataka wewe mwenyewe usimame mbele yao. Hapa nyumbani chumba kipo. Mapacha wameshaanza kugombania nani atalala karibu nawe. Njoo, Baba Mdogo. Sijawahi kukuona isipokuwa kwenye picha, na kwenye zote umevaa kofia.

Jambo moja zaidi. Chumba cha kumbukumbu, chini ya rafu ya mwisho, nimekuta mabati yenyewe, yamefungwa kwa waya. Nimeyahesabu. Yako saba. Rangi nyeupe imeyaganda kingo zote.

Binti yako

---

8 Juni

Binti yangu,

Hatujambo. Nitaandika kifupi, kwa kuwa kifurushi kinatangulia leo na nataka barua iwemo ndani yake.

Ndani kuna bati la tano. Utaona halina hata tone la rangi.

Siku ile, tulipokuwa tumesimama pale kwenye mlango wa nne, nilikuwa nalo mkononi. Nikaona msimamizi anakuja. Bati safi lingesema kila kitu. Nikaliingiza nyuma ya shati, nikatembea wima mpaka nyumbani, na watu njiani wakasema leo Brashi ana maringo.

Kesho yake stoo walihesabu mabati wakapata saba. Aliyekuwa ametia saini kuyachukua ni Kaka. Wakamuuliza la nane liko wapi. Akanitazama. Mimi nilikuwa nakoroga rangi, nikaendelea kukoroga. Ningeweza kusema sentensi moja. Na Kaka hakunitaja. Walimtoa karakana ya rangi, wakampeleka kubeba magunia miezi minane, na bega lile ndipo lilipoharibika. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya kuandika majina ya meli, nikaondoka na bati chini ya nguo zangu. Limekaa ukutani kwangu miaka yote hii. Wageni hudhani ni pambo.

Usiniulize mambo ya kuja. Mpe baba yako bati kwanza, kabla ya kamati.

Baba Mdogo

---

11 Julai

Baba Mdogo, shikamoo,

Keti chini kwanza, na Mama Mdogo aketi, na miguu yote iliyofanyiwa upasuaji ipumzike.

Kifurushi kilifika posta tarehe ishirini na tisa, siku moja kabla ya kamati. Karani wa forodha alikifungua, akalishika bati juu, akachungulia kupitia tarakimu yake. "Hiki ni nini?" Nikasema, "Ni ghala." Tulichukua nusu saa kuelewana.

Nilimpa Baba kama ulivyoagiza. Alilipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye kingo, akasema, "Amelitunza." Kisha akaenda kupiga pasi koti.

Kesho yake alikuja nami. Kwenye mlango wa chumba cha mkutano alikuwa na mabati yote manane mikononi, na mwenyekiti wa kamati alikuwa anatoka kwenda kupokea simu. Wakakutana mlangoni. Baba hakusogea. Akasema, "Bwana, anayebeba ndiye mwenye njia." Mwenyekiti akatazama, akasimama pembeni.

Tuliyapanga mezani. Saba yana rangi ngumu kama mfupa. Moja liko wazi, na kwenye kona yake kuna muhuri uleule wa karakana. Mtu wa mkandarasi akasema huenda rangi ilisuguliwa. Baba akamgeukia taratibu. "Mwanangu, rangi ile imekaa milangoni kwenye chumvi na mvua tangu hujazaliwa. Ukiweza kuisugua ikatoka kwenye bati, njoo nyumbani unisugulie na uzee." Hata mtu wa mkandarasi mwenyewe alicheka.

Wanakamati wakaenda mpaka gatini, wakafunua mawe ya uchochoro. Hakuna msingi chini. Kulikuwa na vipande vya vikombe, Baba Mdogo, vingi, na kijiko kimoja. Maghala saba yamelindwa yote, na namba zinabaki kama zilivyo, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye uamuzi. Malori yatazunguka.

Baba ameomba ukurasa uliobaki. Ameandika mwenyewe, kwa rula.

*Brashi, mdogo wangu,*

*Nimepata bati. Nimepata na barua.*

*Na mimi nina langu. Siku ile, saa nne asubuhi, nilikuja banda la kamba kuchukua kamba ya kufungia ngazi. Nilipita mbele ya ghala la mwisho, nikaona umeweka nane, rangi bado mbichi. Nilijua hapohapo, maana njiani nilikuwa nimepita maghala saba tu. Ningekuita, ungefuta kwa kitambaa. Lakini nilijisemea, mwache, tukutane katikati niione sura yake. Nikarudi kwangu nikicheka peke yangu. Sikujua mkuu wa bandari angekuja siku hiyo. Kwa hiyo waliponiuliza la nane liko wapi, nilikutazama kwa sababu na mimi nilikuwa na hatia. Nilikuwa nangoja wewe ndiye unitaje.*

*Kuhusu magunia. Siku ya tatu ya kubeba, bega likanishinda, wakaniambia nenda namba tano ukapumzike. Nikaenda uchochoroni. Palikuwa na msichana anauza chai. Nikanywa ya kwanza, nikanywa ya pili, ya tatu nikainywa bila kiu. Miezi minane ilipokwisha karakana waliniita nirudi, nikawaomba waniache nibebe kidogo zaidi. Anayekuandikia barua zako zote hizi ni binti wa msichana yule. Sasa niambie ulininyang'anya nini.*

*Bega linauma mvua ikikaribia. Majirani huja kuniuliza kabla ya kuanika nguo. Nimekuwa mtu muhimu.*

*Kamati imeruhusu namba iandikwe uchochoroni. Ukuta nimeusafisha. Rangi ninayo. Bati ni la zamu yako, tulikubaliana mimi moja mpaka nne. Nakungoja.*

*Rula*

Mama anasema ya tatu alikuwa na kiu, ila si ya chai. Njoo, Baba Mdogo.

Binti yako

---

19 Agosti, mwaka wa arobaini na nane tangu nipande meli

Binti yangu, na Kaka, maana najua anasikiliza,

Shikamoo Kaka. Hiyo nilipaswa kuiandika zamani.

Hapa hatujambo. Mama yako mdogo amesoma ukurasa wa Kaka mara mbili, na sasa ananiita namba tano kila nikikawia na chai. Daktari wa meno amenyoosha herufi zake. Jumatano iliyopita nilimwambia ziko sawa, akaniuliza mbona nalia, nikasema ni tapentaini.

Kaka, kwa hiyo ulinihurumia kwa sababu ulikuwa unanicheka, na mimi nilikuogopa kwa sababu sikujua. Miaka yote ya mtoto huyu tumepelekeana salamu kupitia kwake. Ama kweli karakana ilituweka pamoja kwa sababu.

Nimeufikiria ukuta wako kwa siku nyingi. Naujua, upande wa ghala la nne, matofali yale yenye wekundu zaidi, ambapo saruji ilitia vumbi mpaka kiunoni. Najua mahali bati litakapokaa. Lifunge kwa kamba mbili, usiliamini bega. Rangi iwe nzito, brashi karibu kavu, uanzie juu, maana ukianzia tumboni mwa tano itavuja. Aliyeuza chai asimame chini akushikie ngazi. Ikikauka, usinitumie picha. Binti yangu, wewe niandikie tu kama imenyooka.

Zamu ilikuwa yangu, lakini nakupa. Miaka yote nilijiambia kwamba sirudi kwa sababu ya bati. Bati limerudi, limepokelewa, halinidai tena chochote, na nilipolitazama lile doa jeupe lililobaki mahali pake ukutani kwangu nikaona kwamba bado niko hapa. Hapa kuna mke wangu na magoti yake mapya, kuna wanafunzi watano, kuna wajukuu wanaonisahihisha ninapoongea. Gati ninalolijua mimi lina harufu ya ngozi na watu wanaopishana kwenye ubao, na hilo niko nalo, sina haja ya kupanda ndege kulitafuta. Lenu ni lenu, na nimefurahi limebaki limesimama.

Paka rangi, Kaka. Mimi sitarudi.

Brashi